Kikasha cha mfukoni cha kutolea pipi moja moja: pima pipi kabla ya kuchora kikasha

Swali: Ninabuni kikasha kidogo cha mfukoni cha kutolea pipi za duara zenye ganda la sukari. Kinatakiwa kubeba pipi 40 hivi, na kila ukisukuma kitelezi kwa kidole gumba itoke moja tu. Nimechapisha mfano kwa printa ya 3D. Mara hautoi kitu, mara unatoa tatu kwa mpigo, mara kitelezi kinakwama na kuivunja pipi. Zikishinda mfukoni mchana kutwa zinanatana. Nimebadilisha umbo la kikasha mara kadhaa na hali ni ile ile. Nianzie wapi?

Jibu: Anzia kwenye pipi, na kikasha kiweke pembeni kwa sasa. Kutoa tatu, kutotoa kitu, kukwama na kuvunja yanaonekana kama matatizo tofauti, lakini yote yana chanzo kimoja: vipimo vya ndani vimechaguliwa kwa kutazama mfuko na mkono, na pipi ikaachwa ijitafutie njia. Ndiyo maana kubadilisha umbo la nje hakujakusaidia. Kunatana ni suala jingine, nitalifikia.

Chukua pipi 50 kutoka pakiti tofauti, na kalipa ya vernia, kile kipimio chenye taya mbili kinachosoma sehemu za milimita. Ipime kila moja pande mbili, kwa sababu pipi yenye ganda la sukari hupakwa ikizungushwa ndani ya pipa na ni nadra kutoka duara kamili. Ukimaliza, wastani hauna kazi kubwa. Tunza namba mbili tu, ile ya pipi ndogo kuliko zote na ile ya pipi kubwa kuliko zote. Kubwa ndiyo itakayokwama, ndogo ndiyo itakayopenya na mwenzake. Tuseme umepata milimita 5.6 na 6.2. Nitatumia namba hizo hapa chini, nawe utaweka zako.

Vikasha vilivyodumu sokoni vimejengwa kwa mtazamo huo. PEZ zilianzia Vienna mwaka 1927 kwa Eduard Haas, zikiwa peremende za mnanaa. Kikasha chake chenye umbo la kiberiti cha gesi kilikuja mwishoni mwa miaka ya 1940, kikibuniwa na Oscar Uxa, na vile vichwa vya wahusika vinavyokaa juu yake vikafuata katika miaka ya 1950. Watu hukumbuka vichwa, lakini kwa mbunifu kitu cha thamani pale ni umbo la pipi yenyewe: ni tofali dogo bapa. Tofali hupangika juu ya tofali, 12 kwenye foleni moja, springi ikizisukuma kutoka chini, na kichwa kikiinuliwa kinaisogeza ile ya juu peke yake. Hapo hakuna ghala la pipi zilizochanganyikana wala kitu cha kubahatisha. Vikasha vya vidonge vya utamu mbadala, vile vinavyobonyezwa kutoa kidonge kimoja kwenye chai, navyo vinategemea kidonge bapa. Tic Tac, zilizotoka Italia mwaka 1969, zilikwenda njia nyingine kabisa: pipi zimemwagwa kwenye kisanduku angavu, na upande wa ndani wa kifuniko kuna kishimo kinachoweza kupokea moja. Zikitoka tatu hakuna anayelalamika, kwa kuwa kisanduku hakikuahidi moja.

Kwa hiyo kama bado una uhuru wa kuchagua pipi, nakushauri kwa moyo wote uchague iliyo bapa. Utaokoa nusu ya kazi. Kama umeshafunga ndoa na ya duara, tuendelee. Inawezekana, ila itakubidi uheshimu milimita.

Moyo wa kikasha chako ni kitelezi. Ni kibao chenye kitundu kimoja, kinachochukua pipi kutoka kwenye ghala juu, kinatembea nayo chini ya paa, kisha kinaiachia kwenye mlango wa chini. Kitundu kina vipimo viwili na kila kimoja kina sheria yake.

Upana ni rahisi. Chukua pipi kubwa kuliko zote, ongeza nusu milimita, unapata 6.7. Pipi kubwa itaingia bila kusuguana, na mbili ndogo haziwezi kukaa bega kwa bega.

Unene wa kibao ndipo mifano mingi inapofia, na nadhani na wako pia. Kibao kikiwa chembamba kuliko pipi, tuseme milimita 5.8, pipi ya 6.2 itachomoza juu kwa sehemu ya milimita. Kitelezi kikianza kutembea, ukingo wa paa unaikuta karibu na utosi wake na kuikandamiza chini, ambako imekalia sakafu. Haina pa kwenda. Hapo ndipo unaposikia ganda likipasuka. Kibao kikiwa kinene mno, tuseme milimita 9, pipi ya pili inazama ndani ya kitundu karibu nusu au zaidi, kisha ukingo unaibana kiunoni, na matokeo ni hayo hayo.

Kipimo salama ni pipi kubwa kuliko zote na ziada ya milimita 0.2, yaani 6.4. Sasa ijaribu kwa pipi ndogo: ya 5.6 ikiwa ndani, inabaki nafasi ya milimita 0.8 juu yake, na pipi inayofuata itazama kiasi hicho. Hilo linavumilika, kwa sababu ukingo wa kitundu unaigusa chini kabisa ya kiuno chake na kuiinua irudi ghalani. Mimi huchukulia robo ya kipenyo cha pipi kuwa mwisho wa kuzama. Kwa pipi yako ni kama milimita 1.4, hivyo 0.8 ina nafasi ya kutosha. Lakini ukigundua tofauti kati ya pipi ndogo na kubwa inafanya nafasi hiyo izidi robo, usihangaike na kikasha. Zichekeche pipi, au tafuta mtengenezaji anayezisawazisha vizuri zaidi.

Kuna kitu kidogo kinachosaidia mno hapa. Angalia mdomo wa nyuma wa kitundu, yaani ule unaobaki nyuma kitelezi kikisogea mbele. Ndio unaoisukuma pipi ya juu. Uviringe kwa nusu milimita hivi. Mdomo mkali unakata ganda, ulioviringwa unaiteleza pipi juu. Nao ukuta ulio mbele ya mlango wa juu, yaani tundu la ghala linalofungukia kitelezi, uwe wima na laini, ili pipi inayoinuliwa ipande nao bila kukwaruza. Ukiweza, ning'iniza kibapa cha silikoni laini kwenye ukingo huo wa mbele, kitairudisha pipi kwa upole hata ikikaa vibaya.

Kuhusu kutoa tatu: milango yako miwili inafunguka kwa wakati mmoja. Mlango wa juu na wa chini visiwe vinatazamana wala kukaribiana. Weka kati ya vitovu vyake umbali wa angalau mara mbili ya upana wa kitundu, yaani milimita 13.4 kwenda juu, na hapo hakuna hatua hata moja ya safari ambapo kitundu kinagusa milango yote. Nafasi ikibana unaweza kushuka hadi milimita 10, maana pipi haipenyi kwenye tundu lililofunguka kidogo, ila vumbi na unyevu vitapenya. Kidole gumba kinasafiri milimita 14 bila taabu, kwa hiyo sioni sababu ya kubana. Springi ikirudishe kitelezi hadi chini ya ghala, kikasha kikiwa kimetulia mlango wa chini uwe umefungwa na kibao.

Sasa ghala. Wakati kitelezi hakitoi kitu, mara nyingi pipi zipo tele juu yake, ila zimejenga tao. Zinabanana mlangoni kama watu wanaotaka kutoka wote kwa pamoja kwenye mlango mmoja, kila mmoja amemzuia mwenzake. Mitambo mikubwa inayomwaga nafaka au vidonge hulishinda tatizo hili kwa kuweka tundu pana, la mara tano au sita ya ukubwa wa punje. Kwenye kikasha cha mfukoni huna anasa hiyo, kwa hiyo unalivunja tao kwa mbinu mbili.

Kwanza, usitengeneze faneli yenye pande mbili zinazofanana. Pande zinazofanana ndizo nguzo bora za tao. Ukuta mmoja uwe wima, ule ulio mbele ya mlango wa juu, na wa pili ndio uteremke kuuelekea, kwa mteremko wa nyuzi 45 au mkali zaidi. Pipi zikiwa na unyevu kidogo, 45 hazitoshi, peleka 60. Pili, tumia nguvu ya kidole ambayo tayari ipo. Weka ulimi mwembamba wa plastiki unaopanda kutoka kwenye kitelezi, ukipita kwenye mwanya wa ukuta ulioteremka hadi ndani ya ghala, ili kila msukumo uzitikise pipi za chini. Nauona ulimi huo kuwa sehemu yenye faida kuliko zote kwa gharama yake. Mtumiaji hajui upo, anachojua ni kwamba hahitaji kukitikisa kikasha.

Unene wa ghala nao hauchaguliwi kwa macho. Ukisoma kuhusu upangaji wa vitu vya duara utakutana na asilimia 64, kiasi cha nafasi ambacho mipira iliyomwagwa ovyo na kutikiswa hujaza. Mwaka 2004 watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton walionyesha kwamba pipi zilizobonyea kama M&M hupita hapo na kufikia karibu asilimia 68. Ni elimu tamu, lakini usiitumie kuhesabu ghala lako, kwa kuwa namba hizo ni za chombo kikubwa. Ndani ya kikasha chembamba kuta ndizo zinazotawala. Ghala la unene wa milimita 7 linapanga pipi zako safu moja tambarare. La milimita 13 linapanga mbili. Kati ya hapo, milimita 9 au 10, zinajipanga kizigizaga, kila moja ikiwa imeegemea ukuta mmoja na jirani zake, na ndizo safu zinazokwama vibaya kuliko zote. Chagua 7 au 13. Usisimame katikati.

Mimi ningechukua 7. Pipi moja ya milimita 6 inafunika karibu milimita za mraba 28. Mara 40 ni kama 1,130, na kwa kuwa safu moja iliyomwagwa ovyo hujaza kama asilimia 80 ya eneo, unahitaji kama 1,400. Hilo ni ghala la milimita 27 kwa 53, ongeza kidogo kufidia ukuta ulioteremka. Ukiweka kuta za milimita 1.2 na kukumbuka kwamba kitelezi lazima kiwe kipana kuliko kitundu chake, unene wa nje unatua kwenye milimita 12 hivi. Kinaingia mfukoni bila kutuna, na safu moja inapiga kelele kidogo kuliko rundo.

Pipi kunatana: kosa hilo si la kitelezi. Sukari safi ya mezani iliyo katika fuwele haianzi kuyeyuka kwa kunyonya unyevu wa hewa mpaka hewa ifike karibu asilimia 85 ya unyevu, lakini pipi ngumu zilizochemshwa, ambazo ndani yake sukari haijaganda kuwa fuwele na imechanganywa na sharubati ya glukosi, zinaanza mapema zaidi. Mfuko ulio karibu na mwili una joto na jasho. Kwa hiyo tafuta pipi iliyomaliziwa kwa nta, hakikisha kitelezi kinafunga mlango kwa kweli, na usiongeze matundu ya urembo kwenye ganda la kikasha. Pipi zenye chokoleti ndani ziache kabisa, siagi ya kakao huyeyuka karibu na nyuzi 34 na mfuko wa suruali unafika hapo. Kumbuka pia vumbi. Pipi zinasuguana mtu akitembea na kutoa unga laini wa sukari, unga unaingia kwenye njia ya kitelezi, unapata unyevu, kisha unakuwa gundi. Chonga mfereji mdogo pande mbili za njia ili unga uwe na pa kuangukia, badala ya kukaza kitelezi ukidhani utauzuia.

Kwenye mfano wa printa, acha ulegevu wa milimita 0.3 hadi 0.4 kila upande wa kitelezi, na kilaze wakati wa kuchapisha ili mistari ya tabaka ielekee upande kinakosafiri. Tabaka zikikatiza njia, kila msukumo ni kama kukwaruza tupa. Ukuta mmoja wa ghala uwe wa plastiki angavu, hata kama utaukata kutoka kwenye kifuniko cha boksi. Bila kuona ndani utabaki kubahatisha. Pia usichapishe kikasha kizima kila mara. Chapisha mdomo tu: sehemu ya chini ya ghala, paa, kitelezi na sakafu. Ni kazi ya muda mfupi, na kila swali lako liko hapo.

Pipi za majaribio zisiliwe. Mistari ya printa ina mianya inayohifadhi mabaki, na rezini, ile plastiki ya kimiminika ya baadhi ya printa, ikiwa haijakauka kikamilifu ni sumu. Kikasha cha kuuza kitahitaji plastiki iliyoidhinishwa kugusa chakula. Umoja wa Ulaya kwa mfano una kanuni yake, namba 10/2011, na masoko mengine yana za kwao, kwa hiyo uliza vyeti kwa muuza plastiki kabla ya kulipia kalibu ya kumiminia plastiki.

Ukifika kwenye kalibu, plastiki ya polipropilini inafaa kwa ganda la kikasha na kifuniko, kwa sababu inakubali bawaba ya kipande kimoja, ule ukanda mwembamba wa kama milimita 0.3 unaokunjwa maelfu ya mara bila kukatika. Usijaribu bawaba hiyo kwa PLA, plastiki ya kawaida ya printa, itavunjika haraka na utadhani wazo ni baya. Kitelezi nakishauri kiwe cha plastiki ya asetali, inateleza vizuri na hailiki upesi. Ukitaka springi iwe ya plastiki, sehemu moja na kitelezi, zingatia jambo moja: isikae imebanwa kikasha kikiwa kimepumzika. Plastiki iliyokunjwa muda mrefu huzoea umbo hilo na kupoteza nguvu. Ijikunje tu wakati wa msukumo, kisha ilegee.

Mfukoni kuna funguo na simu. Kitufe cha kusukuma kikae ndani ya bonde, chini kidogo ya uso wa ganda, na kihitaji nguvu kama ya kuinua gramu 300 hivi, ili funguo zisikifanyie kazi. Mlango wa kujazia uwe upande wa pili kabisa, na upana wa angalau milimita 15, la sivyo mtu atajaza pipi moja moja na kukata tamaa.

Kujaribu kuwe kwa kuhesabu. Sukuma mara 100, kila mara andika 0, 1 au 2. Mbili zisiwepo kabisa. Sifuri chache mimi nazivumilia, maana mtu hurudia kusukuma bila kukasirika. Kisha rudia kikasha kikiwa kimeinamishwa, kikiwa kimebaki na pipi tano tu, kikiwa kimeshinda mfukoni siku nzima, na kikiwa kimeangushwa kutoka kimo cha kiuno. Pipi tano za mwisho zinafichua mengi, kwa kuwa hakuna uzito wa wenzake wa kuzisukuma. Kitelezi kinachofanya kazi ghala likiwa limejaa tu bado hakijakamilika.

La mwisho nakuomba ulipe uzito uleule. Pipi ya milimita 6 na sehemu ndogo za kikasha ni hatari ya kupaliwa kwa mtoto mdogo. Sheria za vitu vya kuchezea hutumia silinda ya kipenyo cha milimita 31.7: sehemu yoyote inayoingia humo nzima huhesabiwa kuwa ndogo mno kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu, na kitelezi chako kinaweza kuingia. Kifanye kisichomoke, hata kikasha kikikanyagwa, na springi ya chuma ukiitumia ifungiwe ndani. Rangi na umbo navyo visifanane na vya kikasha cha dawa, kwa sababu mtoto akizoea kusukuma na kula, atasukuma chochote kinachofanana nacho.